Mkoba wa viraka ukikugomea: dalili, visababishi na dawa yake

Chini ya meza ya fundi cherehani yeyote wa Dar es Salaam pana kiroba cha vipande: vitenge vya wateja, mabaki ya drili za sare za shule, khanga iliyochanika ncha moja. Zamani vipande hivyo vilijazia mito au kufutia mafuta ya cherehani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 na rambo kupotea mikononi, vimepata kazi nyingine. Unaviunga viraka, unaweka blanketi katikati na bitana nyuma, unapiga mistari ya kukamatisha matabaka yote matatu, na ukimaliza una mkoba wa kwenda nao Buguruni au Tandika kununua viazi bila wasiwasi.

Ila mkoba huu si gauni. Gauni ni vitambaa viwili vinavyokutana kwenye mshono. Mkoba ni vitatu mwanzo mwisho, na pale kishikio kinapokutana na ukingo wa juu unaweza kuhesabu matabaka kumi na kitu. Cherehani iliyokuwa tulivu mwaka mzima inaanza vituko, nami napokea ujumbe uleule: "Fundi, cherehani yangu imekufa." Mara nyingi haijafa. Inasingiziwa.

Malalamiko nimeyapanga kwa dalili, kama watu wanavyoyaleta. Kwenye kila dalili naanza na kisababishi kinachotokea zaidi, ambacho bahati nzuri huwa ndicho rahisi kukikagua, halafu naenda kwenye vile vya kufumua na kufungua. Cherehani ninayoizungumzia ni ya kawaida ya nyumbani, ya mguu au ya umeme, kama zile Singer na Butterfly nyeusi tunazozijua wote. Mkoba nao ni wa kawaida: kila upande umekatwa sentimita 46 kwa 44, kitako kina upana wa sentimita 12.

Kabla hujashika bisibisi

Fanya haya manne kwanza, kwa mpangilio huu, hata kama una uhakika shida iko kwingine.

Badilisha sindano. Toa uzi wote wa juu uutunge upya huku mguu umeinuliwa (mguu ninaoutaja humu ni kile kibati kinachokandamiza kitambaa, si wako). Fungua bati la chini usugue manyoya ya blanketi kwa mswaki wa zamani. Kisha shona kwenye kipande cha majaribio chenye matabaka yaleyale ya mkoba wako: kitenge, blanketi, bitana. Usijaribie kwenye kitenge kitupu halafu ukashangaa mkobani mambo yamebadilika.

Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, ujaribu. Nimeshaletewa cherehani ambayo mwenyewe alizungusha tensheni (kile kidude kinachokaza uzi wa juu), akakaza boksi la bobini (bobini ni kile kigurudumu cha uzi wa chini), akabadilisha uzi na kulegeza mguu, vyote kwa jioni moja. Kosa lilikuwa sindano butu. Kufikia siku aliyoileta lilikuwa na wenzake wanne.

Juu mshono ni mzuri, chini pamejaa uzi kama kiota

Bobini ndiyo inayolaumiwa kwanza, kwa kuwa fujo iko upande wake. Ukweli ni kinyume. Uzi unaolundikana chini ni uzi wa juu usio na kitu cha kuushikilia. Shato, kile chuma cha chini kinachodaka uzi wa sindano, inauvuta na hakuna kinachourudisha. Kama huamini, tunga uzi mwekundu juu na mweupe chini, ushone sentimita kumi. Kiota kitakuwa chekundu.

1. Uzi haukuingia katikati ya sahani za tensheni. Ukitunga uzi huku mguu umeshushwa, sahani zile zimebanana, na uzi unakaa juu yake badala ya kuingia. Inua mguu, tunga upya, ushushe mguu, kisha uvute uzi kwa mkono: sasa unapaswa kukaza.
2. Uzi umeruka ule mkono unaopanda na kushuka. Ukitunga usiku kwa mwanga wa simu ni rahisi kuukosa.
3. Hukushika ncha za nyuzi mwanzoni. Zishike zote mbili nyuma ya mguu kwa hatua (vichomo vya mshono) tatu nne za kwanza. Kwenye mkoba ni lazima, kwa sababu blanketi linameza ncha fupi.
4. Bobini imejazwa ovyo, uzi umelegea na kupandana. Ijaze upya kwa mwendo wa taratibu.
5. Yote haya yakiwa sawa, ndipo ukaze tensheni ya juu. Robo mzunguko, jaribu, robo nyingine, jaribu.

Skrubu ndogo ya pembeni mwa boksi la bobini iache. Ukilazimika kuigusa, piga kwanza picha ya mahali ilipo kwa simu yako.

Cherehani inaruka hatua

Mshono unakwenda vizuri, halafu inakuja hatua ndefu kama ya mtu anayevuka mtaro, kisha unaendelea. Kwenye viraka tu huoni. Ukiweka blanketi, inaanza.

Hapa sindano inastahili kushukiwa kuliko kitu chochote. Watu wengi wanashona mkoba na ileile namba 14 iliyoshona blauzi. Namba 14 inatosha kuunga viraka vya kitenge. Kwa kupiga mistari juu ya blanketi weka 16. Kwa vishikio vyenye jinzi ndani weka 18, mradi cherehani yako iikubali. Sindano ikiwa nyembamba kuliko kazi, inapinda kidogo inapozama, na shato inapokuja kuchukua uzi haiukuti mahali pake.

Kuna pia sindano isiyo ya cherehani yako. Za nyumbani zina shina lenye upande mmoja bapa. Nyingi za cherehani kubwa za kiwandani zina shina la duara. Ukienda Kariakoo ukasema tu "nipe sindano namba 16", utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Nenda na ya zamani, ziweke sambamba, ulinganishe shina na urefu. Wakati wa kuifunga, sukuma hadi juu kabisa ndipo ukaze skrubu. Ule mfereji mrefu wa sindano ukae upande ambao uzi unaingilia tunduni. Ikikaa kinyume, itaruka hatua au itagoma kushona kabisa.

Sindano ikiwa sahihi na bado inaruka, angalia kama kitambaa kinapanda na sindano inapotoka. Blanketi nene linadunda. Mguu usipolikandamiza, kitanzi cha uzi hakipati nafasi ya kufunguka chini. Kaza skrubu ya juu ya kichwa cha cherehani inayoongeza mkandamizo. Pale matabaka yanapokutana, funika mshono kwa kitambaa na uugonge na nyundo mara kadhaa. Usione haya: mafundi wa mabegi wanafanya hivyo kila siku.

Kama umetumia kile kitambaa chenye gundi kinachowekwa kwenye kola za mashati, pitisha kidole kwenye sindano. Ikinata, ifute kwa spiriti.

*Simama hapa.* Sindano mpya, sahihi, imefungwa vizuri, na bado inaruka hata kwenye kitenge kitupu? Hapo shato na sindano haziendi kwa wakati mmoja. Ncha ya shato inatakiwa kufika kwenye sindano pale tu sindano inapoanza kupanda kutoka chini kabisa, tofauti ya milimita mbili hivi. Hiyo ni kazi ya fundi wa kutengeneza cherehani. Ukilegeza skrubu za ndani kwa kubahatisha, atakutoza na muda wa kutafuta ulichokilegeza.

Uzi wa juu unakatika kila baada ya muda

Uvute uzi kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi kama uzi wa buibui, utupe. Uzi uliokaa dirishani kwenye jua la hapa unachoka hata kama rangi bado inang'aa. Kwa mkoba chukua uzi wa polista. Wa pamba uache kwa kazi nyepesi.

Uzi ukiwa mzima, kagua sindano. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na sindano iliyoachwa mezani masika nzima inaota kutu usiyoiona kwa macho ila uzi unaiona. Mimi zangu nazihifadhi kwenye kichupa chenye kifuniko, zikiwa zimechomekwa kwenye kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Ikiwa si hiyo, legeza tensheni robo mzunguko. Ikiwa si hiyo tena, pitisha pamba kavu ukingoni mwa tundu la bati la sindano: pamba ikinasa, pana mkwaruzo uliotokana na sindano iliyowahi kugonga. Mkwaruzo mdogo unasuguliwa kwa msasa laini kabisa. Mkubwa, nunua bati jipya.

Sindano inavunjika ikifika konani au kwenye kishikio

Kwa kawaida si ubovu wa sindano. Ni haraka.

Mguu unapopanda kilima cha matabaka, unainama nyuma kama daladala inayopanda matuta. Kitambaa hakisogei, mshonaji anakivuta kwa mkono kukisaidia, sindano inapinda, inagonga bati, na kelele unaijua. Dawa ni kuusawazisha mguu: kunja kipande cha jinzi hadi kilingane na unene wa kilima, ukiweke chini ya mguu kwa nyuma, ili mguu ukae mlalo unapoanza kupanda. Pale penye unene mkubwa ondoa miguu kwenye pedali na uzungushe gurudumu kwa mkono, hatua moja moja. Kazi itachelewa dakika mbili.

Kinachofuata ni pini. Zitoe kabla hazijafika chini ya mguu, usizishonee juu. Kisha unene wenyewe: kata blanketi lisiingie kwenye pindo la mshono (ule ukingo unaobaki nje ya mshono), hasa kwenye kona za kitako. Tabaka moja la pindo likate fupi kuliko jingine, ili unene ushuke ngazi kwa ngazi. Mwisho kabisa, angalia skrubu inayoshika sindano, kwa sababu kugonga huko huilegeza.

*Tahadhari.* Sindano ikivunjika, simamisha kila kitu mpaka upate vipande vyote, ncha ikiwemo. Pitisha sumaku chini ya bati. Kipande kilichobaki kitakwaruza shato, au kitakaa ndani ya blanketi kikisubiri kiganja cha mteja wako. Sindano ikikuingia kidoleni na ikavunjikia humo, usiichokonoe kwa pini nyingine. Nenda kituo cha afya, kidole kipigwe picha, na uulizie chanjo ya pepopunda. Na wakati wa kushona matabaka mazito jikinge macho, hata kwa miwani ya kusomea.

Mistari imepigwa vizuri, lakini bitana ina mikunjo

Hili ndilo linalonifikia kuliko yote, na ndilo ambalo cherehani haina kosa hata kidogo. Unapiga mistari kwa uangalifu, unageuza kazi, na nyuma unakuta bitana imejikunja kama uso wa mtu aliyelalia mkeka. Au upande wa juu, kila mistari miwili inapokutana, pamebaki kipovu.

Kinachotokea ni hiki. Meno ya chini yanavuta kitambaa cha chini kwenda nyuma. Mguu wa juu hauvuti kitu. Unakaa tu na kukisukuma kitambaa cha juu kuja upande wako. Katikati lipo blanketi linaloteleza. Matabaka matatu yanasafiri kwa mwendo tofauti, na ziada inaishia mahali fulani. Ukizuia kuteleza, umemaliza tatizo.

Kukosa bandi, ule mshono wa muda wa kushikisha matabaka, ndiko kisababishi cha kwanza. Pini kumi za pembeni hazitoshi. Safisha sakafu, tandaza bitana uso chini, uibane kwa seloteji pana pande zote nne hadi ikazike bila kuvutika. Juu yake blanketi, juu yake viraka, ukisawazisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Kisha piga bandi kwa mkono, hatua ndefu, mistari ya kila sentimita 10 kwenda na ya kukatiza. Mgongo utauma. Nimejaribu njia za mkato, mgongo ukapona na mikoba ikaharibika.

Cha pili ni kuanzia pembeni. Mstari wa kwanza upite katikati ya kipande, wa pili kulia kwake, wa tatu kushoto, unaelekea nje. Mistari yote ianzie upande mmoja. Ukipiga mmoja kwenda na mwingine kurudi, kitambaa kinasukumwa huku na huku, na viraka vyako vya mraba vinalala upande.

Cha tatu ni hatua fupi mno. Kwenye blanketi weka milimita 3 hadi 3.5. Hatua fupi inasukuma kitambaa zaidi na ikikosewa haifumuki kirahisi.

Cha nne ni mkandamizo wa mguu uliozidi. Ndiyo, hapo juu nimesema uukaze kama cherehani inaruka. Hapa uulegeze. Kipande chako cha majaribio ndicho kitakachokuambia uko wapi kati ya hayo mawili.

Na cha tano ni blanketi lenyewe. La mitumba lililofuliwa mara nyingi, jembamba, lisilo na manyoya marefu, ndilo zuri kuliko yote. Blanketi jipya la manyoya linateleza na kujaza shato takataka. Sponji nyembamba inafanya kazi ila inang'ang'ania mguu. Weka gazeti katikati ya sponji na mguu, shonea juu yake, kisha ulichane. Chukua gazeti la zamani, la leo litakuachia wino. Sponji usiipige pasi ya moto, itayeyuka na kunata kwenye pasi.

Mikunjo ikishatokea, je? Mmoja mdogo, ufiche: fumua sentimita 10 za mstari, sukuma ziada pande zote mbili, shona tena. Ikiwa imeenea, fumua yote. Kuna wanaosema pasi ya mvuke itainyoosha. Itanyooka mpaka siku ya kwanza ya kuufua.

Jambo moja la vipimo: kupiga mistari kunakula kitambaa. Kipande cha sentimita 46 kitatoka na 45 au pungufu. Anza na kipande cha 50 kwa 48, piga mistari, ndipo ukate kipimo halisi.

Viraka havikutani pembeni

Umekata kwa kufuata maua ya kitenge, na maua ya kitenge mara nyingi hayafuati nyuzi. Chana kidogo ukingoni, vuta uzi mmoja, na mstari utakaouacha ndio mnyoofu. Pima kutoka hapo. Sababu nyingine ni pindo za mshono zisizolingana. Bandika seloteji kwenye bati, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa uufuate huo mwanzo mwisho.

Mbele ndege wanaruka, nyuma wako miguu juu

Dada mmoja wa Mbagala aliniletea mkoba safi kabisa, mishono imenyooka, vishikio imara, na upande wa nyuma jina la khanga limesimama kwa kichwa. "Fundi, nimeligeuza lini?" Hakuligeuza. Alikata kipande kimoja kirefu, akakikunja chini ili kitako kisiwe na mshono. Ukikunja, kinachotazama juu mbele kitatazama chini nyuma. Haiepukiki.

Kitenge cha maduara au mistari hakina shida hiyo. Chenye ndege, kuku, taa au maandishi, kikate vipande viwili na uwe na mshono kitakoni. Ukishamaliza ndipo ukaona, kata pale chini, geuza upande mmoja, ushone, ufunike mshono kwa ukanda wa jinzi, watu watadhani ndio mtindo. Alichofanya yeye ni kuuvaa upande mmoja tu. Nao ni ufumbuzi.

Mkoba haukai, na bitana inaning'inia ndani

Kulegea: kitako ndicho kinachobeba sura ya mkoba. Kama ulishona kona kwa pembetatu, pima kama mishono yote miwili ina sentimita 12 kamili, kwa kuwa ikitofautiana mkoba unasimama ukiegemea upande. Ikiwa ziko sawa, ongeza kipande cha drili au turubai kati ya kitako na bitana. Kadibodi usiiweke. Siku ya mvua utaibeba kama uji.

Bitana inayoning'inia imekatwa sawa na mkoba. Ya ndani inatakiwa iwe ndogo kidogo, kwa kuwa inakaa ndani ya unene wa blanketi. Shona mishono ya pembeni ya bitana nusu sentimita zaidi kwenda ndani, na uikate fupi kwa sentimita 1. Kama umeshaifunga, fumua kitako cha bitana peke yake na ukishone juu zaidi.

Cherehani imekuwa nzito, au inanuka

Toa mkanda, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa jepesi bila mkanda, tatizo liko kwenye pedali au mkanda wenyewe. Likiwa zito, ni manyoya au mafuta. Safisha shato, kisha tia mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi, tone moja kila tundu. Waliotia mafuta ya kupikia kwa dharura wajue yanakauka na kuwa gundi. Yanaoshwa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mbali na jiko na kiberiti, na baada ya hapo tia mafuta sahihi.

*Ya umeme ni habari nyingine.* Ukisikia ganzi unapogusa chuma, ukiona moshi, ukinusa plastiki inayoungua, au mota ikivuma bila kuzunguka unapokanyaga, chomoa kwenye soketi. Usikanyage mara nyingine "kuhakikisha". Usifungue mota. Mpelekee fundi wa mota za cherehani, na kama ganzi inatokea na vifaa vingine nyumbani, mwite fundi umeme kabla ya yote. Kilichowahi kulowa, mafuriko au dari kuvuja, kisichomekwe mpaka mtu anayejua akikague.

Kishikio kimeng'oka

Mkoba wangu wa kwanza ulining'okea kwenye daladala ya kutoka Kariakoo. Ulikuwa na unga kilo 5, mafuta lita moja na nazi mbili. Konda aliokota nazi moja, nyingine iliteremka na abiria wa kituo kilichofuata. Uzi haukukatika, na nilipoangalia nyumbani nilielewa: kishikio kilikuwa kizima, mshono mzima, kilichochanika ni kitenge chenyewe chini ya mshono. Nilikuwa nimeshonea kishikio kwenye tabaka moja.

Kwa hiyo angalia kwanza kipi kilichoachia.

Kitambaa kimechanika, mshono mzima: kishikio hakikukamata matabaka yote. Fumua bitana juu, weka kwa ndani kiraka cha jinzi cha sentimita 8 kwa 8 nyuma ya kila mguu wa kishikio, shona kupitia viraka, blanketi na jinzi kwa pamoja. Mguu wa kishikio ushuke usoni mwa mkoba angalau sentimita 10, usiishie ukingoni.

Mshono umefumuka: ulipita mstari mmoja tu. Shona mraba, kisha katiza alama ya msalaba ndani yake, urudie mara mbili, kwa uzi wa polista.

Kishikio chenyewe kimenyooka kama utambi: ndani hakuna kitu. Kata ukanda wa kitenge sentimita 12 kwa 75, ukunje mara nne upate upana wa sentimita 3, na katikati yake ingiza ukanda wa jinzi. Piga mistari minne ya urefu.

Kwa mtu wa kubeba unga kilo 10, hayo yote ni viraka juu ya viraka. Mshonee ukanda mmoja mrefu unaozunguka mkoba mzima, unashuka mbele, unapita chini ya kitako, unapanda nyuma. Hapo uzito unabebwa na ukanda, na kitenge kinabaki kupendeza tu.

Baada ya kufuliwa

Mkoba umesinyaa na kuwa na mawimbi: vitambaa havikufuliwa kabla ya kukatwa, kila kimoja kikanywea kwa kiasi chake. Hakuna dawa ya kurudi nyuma. Wakati ujao loweka vyote, blanketi pia, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Rangi imechuja na bitana nyeupe imekuwa ya waridi: ifue tena mara moja ikiwa bado mbichi, kwa maji mengi ya baridi na sabuni, bila kuikausha wala kuipiga pasi. Chumvi na siki havitashikisha rangi ya kitenge cha dukani, hata kama bibi alisema. Kinachosaidia ni kupima mapema: lowesha kitambaa cheupe, kibane juu ya kitenge chekundu au cheusi kwa pasi ya moto. Kikiacha rangi, kitenge hicho tafuta mkoba wa rangi nyeusi wa kukiwekea.